Mbuzi wa Mjukuu, Darubini ya Babu

2 Julai 1956, Jumatatu

Leo nimefanya biashara. Kubwa! Nimeondoka nyumbani na mbuzi, nimerudi na darubini.

Niandike kwa utaratibu, maana siku mke wangu akijua atataka utaratibu. Tupokigwe alinituma mjini Mbeya nimpeleke yule mbuzi mweupe kwa mwanetu Isakwisa, karani, anayekaa nyumba za serikali. Ni mbuzi wa kumfungulia mkamwana mwiko. Kwetu Wanyakyusa baba mkwe na mkamwana hawaonani. Damari, mke wa Isakwisa, akinisikia nakohoa barabarani, anaingia shamba la mtu. Mimi nikiona kanga yake pembeni mwa ukuta, nageuka kama niliyesahau kitu. Mwaka wa pili huu wameoana, na uso wake siujui. Yeye ni Mhehe wa Kilolo, kwao mambo si makali hivi, lakini Tupokigwe alimfundisha na sasa anatushinda wenye mila. Vizuri. Heshima ni heshima.

Ila amejifungua. Mtoto wa kiume! Mjukuu wangu wa kwanza! Na bado sijamwona. Mtoto anayenyonya habanduki kwa mama, na mama alipo, mimi sipo.

Isakwisa alisema neno fupi, ana maneno mafupi tangu alipoajiriwa. Baba alete mbuzi, Damari afunguliwe, babu ampakate mjukuu. Tena Baba asikawie, maana amepata uhamisho, Jumanne ijayo wanahamia Iringa.

Basi nilikuwa njiani. Na mbuzi. Na nia njema kabisa. Mrisho akaniita kutoka dukani kwake karibu na soko. Mrisho ni mtu wa asili ya pwani, akikuita unafika, na ukifika unanunua. Mezani pake darubini ya macho mawili. Ndogo! Inakunjika katikati, inaingia mfuko wa koti na leso ikakaa juu yake. Nyepesi kama kiazi cha mbegu. Ilikuwa ya Mzungu mmoja wa dhahabu kule Makongolosi, amerudi kwao. Mrisho akanitoa nje, akasema mwalimu, wewe mtu wa elimu, hebu tazama. Nikatazama. Mlima Loleza ukanijia usoni. Nikaruka nyuma nikamkanyaga mbuzi.

Hapo ndipo wazo lilipokuja. Kwangu ni mlimani. Nyumba za serikali ziko chini pale kama viberiti. Kwa kitu hiki nitamwona mjukuu kila asubuhi nikiwa nimekaa juu ya jiwe langu, mama yake simkaribii, mila sijaigusa. Mbuzi huliwa mara moja. Darubini hailiwi.

Mrisho naye alitaka mbuzi upesi, Alhamisi ana akika ya mwanawe. Kila mtu na mtoto wake. Tukapeana mikono.

Jioni Tupokigwe ameuliza mbuzi amepokewaje. Nikamwambia amepokewa kwa furaha. Si uongo. Mrisho alifurahi sana.

3 Julai, Jumanne

Sijui niliishije bila darubini.

Kabla ya uji nimeona ngedere kwenye mahindi ya jirani yangu Sedekia, mzee wa kanisa. Sikumwambia. Nimeona Sedekia anakula kiporo. Nimeona basi la kutoka Chimala likipanda, na juu ya paa magunia ya mpunga na mtu amelala juu ya magunia. Yote hayo nimekaa! Mtu mwenye darubini hana haja ya kusafiri. Na akisafiri, mfuko wa koti unatosha.

Kisha nikateremsha macho mjini.

Isakwisa aliwahi kuniambia mlango wao ni wa kijani. Milango yote ni ya kijani! Serikali ikinunua rangi inanunua pipa. Lakini mimi si mtu wa kushindwa. Nikatafuta kamba ya nguo, na mlango mmoja una kamba, na kambani nguo ndogondogo za mtoto. Basi.

Mwanamke akatoka. Nikafumba macho yote mawili papo hapo, nikasali kidogo. Nilipofumbua alikuwa amenipa kisogo, na mtoto mgongoni.

Masikio yangu! Yametoka nje kama vishikio vya sufuria. Na paji la uso la marehemu baba. Akapiga chafya. Nikasema afya, mjukuu wangu, peke yangu kule juu, na ngedere wakanitazama.

5 Julai, Alhamisi

Akika kwa Mrisho. Nilialikwa, na si adabu kukataa. Pilau. Mkewe, Bi Waridi, ana mkono mwema, nyama inaachia mfupa kabla hujaigusa. Nilikuwa sahani ya pili nilipokumbuka ninamla nani.

Nikamaliza sahani. Kumwacha kusingemrudisha.

Sedekia alikuwapo pia. Sedekia ana wajukuu wengi, wanamning'inia kama matunda mtini, mmoja shingoni, mwingine mguuni, naye anatembea hivyohivyo huku analalamika ili watu waone. Nikamweleza habari za mjukuu wangu. Masikio. Paji. Jinsi anavyokunja ngumi anapolia. Nikasema atakuwa mwalimu huyu, anatazama kitu muda mrefu kabla hajaamua.

Sedekia akaniuliza, polepole, kama anayemwuliza mgonjwa, nimempakata lini.

Nikamwambia namwona kila siku.

Akasema hata mwezi yeye anauona kila siku.

Watu wakacheka. Nikacheka nao, nikaomba maji.

6 Julai, Ijumaa

Amekuja Mzee Kalinga kutoka Iringa, baba yake Damari. Kaja kumsindikiza binti na mjukuu safarini. Mtu mrefu, mpole, ana kikohozi cha watu wanaoheshimiwa. Amepanda mlima kutusalimu. Kamwene, mkwe. Kamwene. Tupokigwe akamwekea kiti kile kizuri ambacho mimi sikalii.

Amempakata mtoto tangu asubuhi. Mtoto amemkojolea. Akatuonyesha alama kwenye koti, akaipapasa taratibu, kama askari anayeonyesha nishani aliyoipata vitani Bama. Mimi koti langu kavu. Sijapata kulionea koti langu aibu kama leo.

Nikasema, ili nisibaki nyuma, kwamba masikio yale ni ya upande wetu.

Kalinga akafikiri. Akasema, samahani mkwe, mtoto hana masikio makubwa. Ni madogo tu.

Nikamweleza kwa upole kwamba mtu aliyempakata mtoto humwona vipande vipande. Ukitaka kumwona mzima, lazima uwe mbali. Akaitikia. Watu wa Iringa wana adabu.

Hapo Tupokigwe akauliza, kwa wema wake, kama mbuzi wetu alinona.

Kalinga akauliza mbuzi gani.

Kalinga akatazama kofia yake, akakumbuka ana shughuli mjini.

Nimemweleza Tupokigwe kila kitu. Nikamwonyesha darubini, jinsi inavyokunjika, jinsi ilivyo nyepesi. Akaishika. Akaipima mkononi. Akasema ni kweli, ni nyepesi sana.

7 Julai, Jumamosi

Siku mbaya.

Nilikuwa kwenye jiwe langu nikimtazama mjukuu akiota jua. Nikaona Isakwisa anapanda mlima na mtu mwingine, kijana mnene mwenye hasira. Niliwaona kutoka mbali sana, hiyo ndiyo faida ya darubini. Ningeweza kukimbia. Nikadhani wanakuja kunisalimu.

Yule kijana ni Marcelino, Mbena wa Njombe, karani mwenzake Isakwisa. Hakukaa. Akasema siku hizi zote kuna kitu kinamulikamulika juu ya mlima huu kila asubuhi, na kinamulika mlangoni kwake, na mkewe hatoki tena kuanika nguo ila kwa hofu. Akasema, "Mzee, shikamoo yako nimeshakupa. Sasa niambie, mke wangu unamtafutia nini?"

Nikamwambia atulie, mimi namtazama mjukuu wangu.

"Mjukuu wako yupi, mzee wangu? Yule ni Bartholomeo! Ni wangu! Masikio haya huyaoni?"

Nikayatazama. Kweli. Vishikio vya sufuria.

Isakwisa alikuwa anatazama viatu vyake. Nikamwuliza, basi nyumba yenu ni ipi, mbona sijaona nguo za mtoto kambani. Akajibu taratibu, na afadhali angenigombeza. Akasema nguo za mtoto Damari huanika ndani, juu ya jiko. Tangu alipoolewa haaniki nje upande huu. Kufua anafulia nyuma ya nyumba. Mtoto anamwotesha jua nyuma ya nyumba. Kwa sababu upande wa mbele unatazama mlimani, na mlimani ndiko anakokaa baba mkwe.

Muda wote huo! Mimi huku juu nikijiona mjanja, na yule binti wa watu, ambaye mila hii si ya kwao, ananikwepa hata mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Nikamwomba Marcelino radhi. Akasema amesikia. Nadhani kweli alisikia, maana alipoondoka alisema shikamoo tena, na hakulazimika.

Nimekula viazi vya jana. Vimewekwa mezani bila neno.

8 Julai, Jumapili

Baada ya ibada wazee wamenikalisha. Ezekia mchungaji alikaa katikati, Sedekia mkono wa kulia. Darubini mezani, juu ya kitambaa cha Meza ya Bwana, jambo ambalo mimi nisingelifanya.

Swali likawa hili. Asukile, yaani mimi, alikuwa karibu au mbali? Nikasema mbali. Miguu yangu haikutoka kwenye jiwe, jiwe liko shambani mwangu, waende wakaliulize. Sedekia akaniuliza kama niliona hereni za mke wa Marcelino. Nikasema niliziona, bahati mbaya. Akauliza kama mtu aliye mbali huona hereni. Nikasema inategemea hereni.

Ezekia akasema hapana budi kupima. Akatoka nje na darubini. Wazee wakatoka. Kila mmoja akatazama, na kila mmoja akatazama zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika na shauri. Mzee mmoja akaona ng'ombe wake ndani ya maharage ya mjane, akaondoka mbio bila kofia. Tuliporudi ndani wote walikuwa wapole kidogo.

Hukumu. Miguu ilikuwa mbali, macho yalikuwa karibu, na mtu huhukumiwa kwa macho. Nimpelekee Marcelino kapu la viazi ulaya. Mkamwana sikumwona, mila haikuvunjika, Mungu ashukuriwe. Lakini mbuzi apelekwe kabla ya Jumanne.

Nikawaeleza mbuzi ameliwa. Ezekia akauliza na nani. Nikasema na wengi.

Ndipo Sedekia akasimama. Sikutegemea. Akasema ana beberu wa kahawia, Asukile amchukue, si mkopo, ni kwa ajili ya mtoto, yaishe. Alisema bila kejeli. Nyuma nikamwona Tupokigwe ameshika mikono yake pamoja.

Nikashukuru. Nikasema Asukile ana mpango wake.

Sikuwa na mpango wowote. Mdomo ulisema wenyewe. Ningewezaje kumpakata mjukuu wangu kwa mbuzi wa Sedekia? Kila nikimtazama mtoto ningemwona beberu.

Tupokigwe akajifunika uso kwa kanga.

10 Julai, Jumanne

Wameondoka.

Jana jioni Tupokigwe aliniletea ujumbe kutoka kwa Damari. Maneno ya kwanza aliyonipa tangu Ijumaa. Damari anasema hivi: Baba hana mbuzi, na mlango usiofunguliwa haufunguki. Lakini mgongo si uso. Kesho kabla ya basi kuondoka atasimama chini ya mkalitusi hapo kituoni, atampa Baba mgongo, na mtoto atakuwa mgongoni. Baba atazame mpaka atosheke.

Nilishindwa kula. Nilipiga viatu rangi.

Asubuhi, baridi, ukungu umekwisha, jua safi. Nilisimama mahali nilipoonyeshwa, karibu, kama kutoka mimbari hadi benchi la kwanza. Damari akaja na Tupokigwe, kichwa kimefunikwa. Akanigeuzia mgongo. Mbeleko ya buluu. Wasafiri walijua, sijui nani aliwaambia. Wakasogea kando. Hata utingo aliyekuwa anatupa mizigo juu ya basi aliacha kutupa, akaanza kuiweka. Isakwisa alivua kofia.

Nikatoa darubini.

Najiuliza kwa nini. Nilikuwa nayo mfukoni, imeniponza, imenifanya kichekesho. Lakini nilijiambia mtu hamtazami mjukuu wake wa kwanza kwa macho yaleyale anayotazamia viazi.

Nikaweka machoni. Buluu tupu, kama moshi. Nikazungusha kigurudumu. Moshi mweupe. Nikazungusha huku. Moshi mweusi, nadhani ulikuwa mkalitusi. Nikarudi nyuma hatua, nikakanyaga kapu la mtu. Kalinga akaniita kwa sauti ya chini, "Mkwe! Kiondoe hicho! Tazama tu!" Nikamwambia subiri, inakuja.

Ikaja. Sikio! Sikio moja, dogo, limekunjwa kama konokono, na vinyweleo juu yake ambavyo mtu mwingine yeyote pale hakuviona. Si langu. Nadhani ni la Kalinga. Nikalifuata polepole ili nifike shavuni.

Honi.

Damari hakujua kama nimetosheka. Hakugeuka. Alisimama palepale, basi linanguruma, watu wamekwisha kupanda, mpaka utingo alipokwenda kumwomba radhi. Akapanda kiupande, ili uso wake usinielekee, akiwa amemkinga mtoto na mlango.

Basi nililiona vizuri. Namba yake. Matenga ya kuku. Kidole cha dereva. Mpaka kona ya mwisho nililiona vizuri sana.

Tupokigwe akaniuliza, umemwona?

Nikasema sikio.

Nilitegemea matusi, nilikuwa tayari nayo. Akanishika mkono, tukapanda mlima hivyo, mbele ya watu, kama vijana au kama wafiwa.

28 Julai, Jumamosi

Iringa.

Kalinga amechinja mbuzi. Mbuzi wake, kwa jina langu, kwa mila ambayo hata si ya kwao! Habari ililetwa na dereva wa basi. Damari amefunguliwa. Kesho mtoto anabatizwa, na baada ya ubatizo babu wa Mbeya atapewa mtoto mikononi, mbele ya wote. Tupokigwe alilia. Mimi nilitoka nje nikatazama viazi.

Tumesafiri jana. Darubini safarini ni kitu kingine! Chimala mpunga umekwisha kuvunwa, bondeni Usangu nimeona tembo, au mwamba, bado nafikiri. Nilipoteremsha darubini ndizi zetu zote zilikuwa zimeliwa na bwana aliyekaa ubavuni mwangu. Tupokigwe alisema alidhani nimempa.

Leo Damari amenisalimu. Kutoka mlangoni, macho chini, sauti ndogo. "Shikamoo, Baba." Nilisahau kuitikia. Nikaitikia baadaye, amekwisha kuingia ndani. Mtoto alikuwa amelala, wakasema kesho utamshika tu, kesho si mbali.

Mchana nimepanda Gangilonga, mwamba ule ulio juu ya mji. Nimekaa huko nikifikiri sana juu ya kosa langu la kituoni, kwa unyenyekevu, kama mtu mzima. Sasa nalijua. Sijui kwa nini halikunijia mapema.

Nilisimama karibu mno.

Kioo kinataka nafasi! Pale mwambani ninaona mlango wa kanisa, ngazi, hata kitasa. Nikateremka, nikamchukua Kalinga kando. Nikamshukuru kwa mbuzi, kwa moyo wote. Kisha nikamwomba jambo moja dogo. Kesho mtoto akitoka kanisani, apakatwe na yeye Kalinga, hapo kwenye ngazi, penye jua, uso uelekee mwambani. Mimi nitakuwa juu. Nikishamwona vizuri, mzima, nitateremka.

Kalinga akakohoa kile kikohozi chake. Akaniuliza, taratibu, na mikono yako, mkwe?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mikono itakuwa na kazi. Ndiyo itakayoshika darubini.